Gauni la Zari na Mama Aliyelivaa

Katika chumba cha ushonaji cha kina mama wa usharika wetu ipo kalenda ya zamani ambayo hakuna anayetaka kuitoa ukutani. Tarehe zake zimepitwa siku nyingi, lakini picha yake bado inapendeza. Ni msichana wa Kizungu aliyegeuza uso upande, shingo ndefu, nywele zimesukwa na kufungwa kisogoni, na mwilini amevaa gauni la zari. Kila mwanafunzi mpya wa cherehani huisogelea kuitazama. Siku moja mama mmoja, fundi hodari kuliko sisi sote, aliikazia macho kwa muda mrefu kisha akasema, "Mikono ya gauni hili haikushonwa. Imefungwa kwa kamba."

Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Tangu siku hiyo nilianza kutafuta habari za picha ile na za yule aliyechorwa. Kina mama wenzangu, nilidhani nitajifunza habari za mishono. Nilijifunza pia habari za wodi ya wazazi, mahali ambapo mimi nimefanya kazi miaka mingi.

ALIKUWA NANI?

Jina lake ni Giovanna degli Albizzi. Alizaliwa mwezi Desemba 1468 katika mji wa Florence, Italia, katika ukoo mkubwa wenye mali. Tarehe 15 Juni 1486, akiwa na umri wa miaka 17, aliolewa na Lorenzo Tornabuoni, kijana wa ukoo mwingine wa matajiri. Baba mkwe wake, Giovanni Tornabuoni, alikuwa mkuu wa tawi la Roma la benki ya Medici, na dada yake huyo mkwe ndiye mama wa Lorenzo de' Medici aliyekuwa na nguvu kuliko watu wote mjini. Kwa hiyo harusi ile haikuwa jambo la watu wawili tu. Ilikuwa kuunganisha koo mbili mbele ya macho ya mji mzima.

Mchoraji aliitwa Domenico Ghirlandaio. Alichora picha hii juu ya ubao wenye urefu wa sentimeta 77 na upana wa sentimeta 49. Leo imo katika jumba la makumbusho la Thyssen-Bornemisza mjini Madrid, Hispania, na watu wengi huiona kuwa mojawapo ya picha nzuri kuliko zote zilizomo humo.

TUMTAZAME KUANZIA NDANI

Mwanamke wa Florence wa wakati ule alivaa nguo kwa tabaka. Tabaka la kwanza, lililogusa ngozi, lilikuwa shimizi la kitani cheupe. Hili ndilo lililofuliwa. Hariri na zari za juu hazikuweza kutiwa majini, maana rangi ingechuja na nyuzi zingeharibika. Shimizi ndilo lililopokea jasho, na usafi wa mama ulionekana katika weupe wa kitani chake. Ndiyo sababu mafundi waliliacha shimizi lichungulie nje makusudi. Mtazame Giovanna begani na kwenye kiwiko: ile mifuko midogo myeupe inayofura kati ya kamba ni shimizi lake, limevutwa kidogo ili lionekane.

Tabaka la pili lilikuwa gauni lenyewe, ambalo wenyeji waliliita gamura. Lilibana kifuani na lilifungwa kwa kamba iliyopita katika vitundu. Mwanamke alipopata mimba, kamba ile iliweza kulegezwa kadiri mwili ulivyoongezeka. Mikono ya gauni ilikuwa kitu cha peke yake. Ilishonwa mbali, ikafungwa begani kwa kamba za hariri, na mwenye uwezo aliweza kuwa na gauni moja na mikono ya namna mbalimbali. Mikono ya Giovanna ni ya hariri nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, yenye maua. Fundi wetu hakukosea hata kidogo.

Juu ya yote alivaa vazi la tatu, jornea, lililokuwa wazi ubavuni ili gauni la ndani lionekane. Hapo ndipo penye zari. Uzi wa zari ulitengenezwa kwa utepe mwembamba wa madini uliozungushwa juu ya uzi wa hariri, na mfumaji aliweza kufuma kipande kidogo tu kwa siku. Ukiangalia kwa makini utaona michoro iliyofumwa katika kitambaa: alama ya almasi yenye ncha, na herufi L. Almasi ni alama ya ukoo wa mume. Herufi L ni ya Lorenzo. Jina la mume limekaa kwenye bega la mke kama alama ya mwenye mali.

Kifuani kuna kidani cha dhahabu chenye yakuti na lulu tatu, kinaning'inia kwenye uzi mwembamba wa hariri. Mikononi ameshika leso nyeupe. Paji lake la uso ni pana kwa sababu wanawake wa siku zile walinyoa au kung'oa nywele za mbele ili lionekane refu. Kumbe hakuna jipya chini ya jua! Sisi tunaosumbuka na dawa za nywele hadi ngozi ya kichwa inababuka, tusimcheke.

NGUO ZA HARUSI ZILIKUWA ZA NANI?

Huko Florence baba ndiye aliyetoa mali ili binti aolewe. Jambo hilo lilikuwa mzigo mzito, hata mwaka 1425 serikali ya mji ilianzisha mfuko maalumu ambamo baba aliweka fedha binti angali mdogo, zikakua, kisha zikatolewa siku ya ndoa. Naye bwana harusi, kwa upande wake, alimvika bibi harusi magauni na vito.

Mwaka 1447 mjane mmoja wa Florence, Alessandra Strozzi, alimwandikia mwanawe aliyekuwa mbali habari za uchumba wa binti yake Caterina. Mchumba, Marco Parenti, alikuwa mfanyabiashara wa hariri, naye aliagiza gauni la mahameli nyekundu na taji la manyoya na lulu. Mama yule alipiga hesabu kwamba binti yake akitoka nje atakuwa na zaidi ya floreni 400 mwilini. Fundi wa kawaida angefanya kazi miaka kadhaa ili apate fedha kama hizo.

Lakini sikilizeni, kina mama. Kwa desturi yao, vitu hivyo havikuwa mali ya mke. Vilibaki mali ya mume. Mara nyingi, baada ya mwaka mmoja au miwili, vito viliuzwa, au vilirudishwa kwa ndugu walioviazima, au vilimvika bibi harusi mwingine wa ukoo. Mume akifa, mjane aliweza kudai ile mali iliyotoka kwa baba yake. Magauni ya harusi hakuweza kuyadai, isipokuwa marehemu awe ameandika katika wosia kwamba ni yake. Kwa hiyo unapomwona bibi amemetameta kwa zari, usiseme haraka, "Mama huyu ni tajiri." Huenda utajiri wake uliishia kwenye ngozi.

SHERIA NA MAHUBIRI

Gharama hizi ziliwatisha hata watawala. Tangu karne ya 14 serikali ya Florence ilitunga sheria nyingi za mavazi: mkia wa gauni usizidi urefu fulani, vifungo visizidi idadi fulani, lulu na zari zipunguzwe. Kati ya mwaka 1343 na 1345 maofisa waliandikisha magauni yaliyokatazwa, na yale ambayo wenyewe waliyalipia yakapigwa alama ili yaendelee kuvaliwa. Aliyevunja sheria alitozwa faini, na wengi walilipa faini huku wakiendelea kuvaa.

Wahubiri nao hawakunyamaza. Bernardino wa Siena alihubiri Florence mwaka 1424 na 1425 juu ya mikia ya magauni na nywele za bandia. Miaka mingi baadaye padri Girolamo Savonarola aliwakemea vikali matajiri, na tarehe 7 Februari 1497 wafuasi wake walichoma moto katika uwanja mkuu wa mji rundo la vioo, vito, nywele za bandia, vitabu na picha.

Nimesikia mahubiri ya namna hiyo hata kwetu, na siyapuuzi. Mtume Petro anatufundisha kwamba pambo letu lisiwe la kusuka nywele na kujitia dhahabu, bali utu wa moyoni (1 Petro 3:3-4). Lakini tuwe wakweli. Mwanamke alikemewa kwa gauni ambalo hakulinunua, lililobeba jina la mume, lililochaguliwa ili ukoo uonekane. Na mwanamke mwema wa Mithali 31 amevaa kitani safi na zambarau, tena Neno halimlaumu, maana kabla ya hapo tumeambiwa anavyowanyoshea maskini mikono yake. Mungu hachukii kitambaa kizuri. Anauliza kuna nini ndani yake.

KITABU NA SHANGA

Nyuma ya Giovanna kuna shubaka ukutani, na mchoraji ameweka humo vitu vinne. Kuna bizimu la dhahabu lenye yakuti na lulu. Kuna kitabu kidogo cha sala. Kuna shanga za marijani nyekundu za kusalia, zimetundikwa. Na kuna karatasi iliyobandikwa, yenye mwaka 1488 na maneno ya Kilatini yaliyotokana na shairi la Martial, mshairi wa Roma ya kale. Maana yake kwa kifupi ni kwamba ufundi wa rangi hauwezi kuchora tabia na roho ya mtu. Kama ungeweza, picha hii ingezipita picha zote duniani.

Marijani, watu wa siku zile waliamini, inamkinga mtoto na mama mja mzito na mabaya. Walimfunga mtoto mchanga shingoni, kama vile na sisi tunavyokuta hirizi kiunoni mwa watoto wanaoletwa kliniki. Simcheki mama anayefunga hirizi. Namwelewa, anaogopa. Lakini shanga hazizuii damu isitoke.

TAREHE ZILIZONISHTUA

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Mimi ni muuguzi, na nilipomaliza kutazama mishono nilisoma tarehe.

Giovanna alimzaa mtoto wake wa kwanza, mvulana aliyeitwa Giovanni, tarehe 11 Oktoba 1487. Alikufa tarehe 7 Oktoba 1488, akiwa na mimba ya pili. Hata mwaka mmoja ulikuwa haujatimia. Alikuwa na umri wa miaka 19, miezi miwili na siku chache kabla ya kutimiza 20. Alizikwa katika kanisa la Santa Maria Novella. Picha tunayoisifu ilichorwa baada ya kifo chake, kati ya mwaka 1489 na 1490.

Kila muuguzi wa kliniki ya wazazi anajua maana ya tarehe hizo. Mimba zilifuatana mno. Kwa nini? Sababu moja ni desturi ya matajiri wa Florence. Hawakunyonyesha watoto wao. Mume alipatana na mume wa mwanamke mwingine, mara nyingi wa shamba, na mtoto akapelekwa kunyonyeshwa huko. Jambo hilo lilionekana kuwa heshima. Lakini mama asiyenyonyesha hupata rutuba mapema, na koo zile zilitaka watoto wengi upesi, maana tauni ya mwaka 1348 na zile zilizofuata zilikuwa zimewapunguza sana. Mwili wa Giovanna haukupewa muda wa kupumzika.

Na hakuwa wa kwanza nyumbani mwake. Mama mkwe wake, Francesca Pitti, alikufa kwa uzazi mjini Roma mwezi Septemba 1477, na mumewe aliandika barua ya huzuni kubwa kwa mpwa wake Lorenzo de' Medici. Nyumba moja, mama mkwe na mkaza mwana, kifo kimoja. Dhahabu yote ya benki haikusaidia kitu. Wakunga wao walikuwa na uzoefu na huruma, lakini hawakuwa na damu ya kuongeza wala dawa ya kuua vijidudu. Hata umuhimu wa kunawa mikono kwa dawa haukuonyeshwa waziwazi hospitalini hadi mwaka 1847, na daktari Semmelweis, huko Vienna.

MARIAMU, ELISABETI NA GIOVANNA

Katika kanisa hilohilo la Santa Maria Novella, baba mkwe alimwajiri Ghirlandaio kupamba kuta kubwa nyuma ya madhabahu. Mapatano yalifanyika mwaka 1485 na kazi ikamalizika mwaka 1490. Sehemu moja inaonyesha Mariamu alipokwenda kumwamkia Elisabeti, habari tunayoisoma katika Luka 1. Wanawake wawili wajawazito wanashikana mikono barabarani. Upande wa kulia, miongoni mwa wanawake wanaotazama, amesimama Giovanna, mwili mzima, na gauni lilelile la zari na leso ileile.

Nilipoiona nakala ya picha hiyo nilikaa kimya. Elisabeti, mzee, alijifungua salama. Mariamu, binti mdogo, alijifungua salama ingawa palikuwa ni zizi la ng'ombe. Na huyu aliyevaa kuliko wote pale ukutani ndiye ambaye hakufika.

KANGA ILIYOKUNJWA

Katika kazi yetu kuna jambo moja ambalo shuleni hatukufundishwa. Mama anapoingizwa chumba cha upasuaji, tunamvua hereni, pete, kitambaa cha kichwa na kanga. Tunakunja, tunafunga, tunaandika jina. Mara nyingi sana tunamrudishia mwenyewe, naye anatabasamu na mtoto mkononi. Lakini zipo siku ambazo nimetoka nje na kile kifurushi na kumkabidhi mume aliyesimama mlangoni. Mmoja alikifungua palepale, akaitoa kanga, akainusa. Hakulia. Alisema tu, "Hii nilimnunulia mimi."

Nadhani Lorenzo Tornabuoni naye alikuwa mtu wa namna hiyo. Alioa tena, na mwezi Agosti 1497 aliuawa kwa hukumu ya serikali kwa kosa la kula njama ya kuwarudisha Medici madarakani. Watu walipoandika orodha ya vitu vya nyumba yake, picha ya Giovanna ilikuwemo bado, miaka karibu kumi tangu afe. Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli, aliyekufa akimzaa Benyamini (Mwanzo 35). Lorenzo aliweka ubao wa rangi. Mapenzi ya kweli, lakini yote mawili yalikuja baada ya mazishi.

TUFANYE NINI?

Mama mpendwa, Giovanna hakuwa na njia. Sisi tunazo, ingawa bado hazijatosha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za mimba na uzazi, na sehemu kubwa walikuwa wa Afrika. Vingi vya vifo hivyo vingezuilika. Basi nikuombe mambo manne.

Kwanza, upe mwili wako muda. Baada ya kujifungua, ngoja angalau miaka miwili kabla ya kubeba mimba nyingine. Zungumza na mumeo na muuguzi juu ya njia inayowafaa. Nyonyesha mtoto wako. Maziwa yako ni chakula chake, nawe mwili wako unapata nafasi.

Pili, anza kliniki mapema, mara tu unapojua una mimba, na usiache hata kama unajisikia mzima.

Tatu, zijue dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona maruerue, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kutoka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Ukiona moja, usingoje asubuhi na usingoje ruhusa ya mtu. Nenda hospitali.

Nne, panga fedha. Tunachanga kwa furaha kwa ajili ya sare za harusi na sherehe za bibi harusi, na sikatazi furaha. Lakini kikundi kinachoweza kununua doti za vitenge vya kufanana kinaweza pia kuweka akiba ya nauli ya usiku kwa mama atakayeshikwa na uchungu. Kikundi chetu kimeanza. Kisanduku chenyewe ni kidogo, kinakaa juu ya kabati la vitambaa, chini ya ile kalenda.

Na ninyi waume mnaosoma gazeti hili baada ya wake zenu kulala, maana najua mnalisoma: msiache maneno mema yabaki ya kuandikwa ukutani. Mwambie leo. Msindikize kliniki. Kumnunulia gauni ni vizuri. Kuhakikisha atalivaa hadi lichakae ni vizuri zaidi.

Juma lililopita mwanafunzi mpya alisimama mbele ya kalenda akauliza, "Huyu dada alikuwa malkia?" Fundi wetu alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, "Hapana. Alikuwa mama wa mtoto mmoja." Kisha akamwonyesha jinsi ya kupitisha kamba katika vitundu, ili gauni liweze kulegezwa.